Katika riwaya za fantasia za watoto, nani husamehewa na nani huachwa nje?

Mwalimu_Bweyale:

Ndugu wapenda vitabu, nafungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo wazazi huniuliza kila wanapomwona mtoto amebeba riwaya yenye joka au mchawi kwenye jalada: “Mwalimu, kitabu hiki kinamfundisha nini?” Wanachotaka ni sentensi moja, kama ile inayoandikwa chini ya ngano katika vitabu vya shule: usiwe mchoyo, tii wazazi, umoja ni nguvu. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kitabu chochote. Ukitaka kujua riwaya inamfunza mtoto nini, tazama inavyogawa msamaha: nani anakosea na kupokelewa, nani anakosea na kufungiwa mlango, na nani analipia furaha ya wengine bila mwandishi hata kugeuka kumtazama.

Nianze na Pinocchio wa Carlo Collodi, kwa kuwa wengi wetu tunamjua kwa pua yake tu. Collodi alianza kuichapisha hadithi hiyo kipande kwa kipande katika gazeti la watoto nchini Italia mwaka 1881, na mwanzoni aliikatishia pale ambapo kikaragosi huyo ananing'inizwa kwenye mti na kukata roho. Fundisho lilikuwa hilo: mtoto mkaidi mwisho wake ndio huo. Wasomaji walidai hadithi iendelee, naye akaiendeleza hadi ikatoka kitabu kizima mwaka 1883. Humo mna mahubiri mengi, na nayasoma kwa uvumilivu. Kinachobaki moyoni ni Geppetto, baba wa kikaragosi, fukara anayetoka nyumbani amevaa koti na kurudi na kitabu cha alfabeti mkononi, akiwa na shati tu, huku nje theluji inaanguka. Anapoulizwa koti liko wapi, anajibu kwamba ameliuza kwa sababu lilikuwa linamtia joto. Theluji inapokoma, Pinocchio anakiuza kitabu hicho ili apate kiingilio cha kutazama vikaragosi wenzake. Mzazi wa hapa Bweyale, Uganda, aliyeuza mbuzi ili alipe karo, kisha akasikia kwamba mtoto hakufika shuleni, hahitaji kufafanuliwa ukurasa huo. Na Geppetto anaendelea kumtafuta mwanawe mpaka baharini.

Sasa mfikirieni Edmund katika The Lion, the Witch and the Wardrobe, kitabu alichokitoa C. S. Lewis mwaka 1950. Mvulana huyu anawasaliti ndugu zake kwa mchawi anayejiita malkia, kwa ajili ya peremende za Kituruki zilizorogwa hivi kwamba anayezionja hatosheki tena. Kosa si dogo, maana simba Aslan anauawa juu ya meza ya jiwe kwa ajili yake. Lakini sehemu inayonivuta zaidi ina mistari michache tu. Asubuhi baada ya Edmund kuokolewa, Aslan anatembea naye pembeni kwenye nyasi zenye umande, wanazungumza, na msimulizi anakataa kutuambia walichoambiana. Kisha Aslan anamrudisha kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba hakuna haja ya kuzungumza naye kuhusu yaliyopita. Edmund anampa kila mmoja mkono, anaomba radhi, na mambo yanaishia hapo. Nimewasomea watoto ukurasa huo katika chama chetu cha kusoma, na hakosekani mmoja anayeuliza kwa hasira: mbona hakuchapwa?

Namruhusu kila anayeuliza hivyo aendelee kukasirika. Ametambua jambo ambalo sentensi ya “usiwe msaliti” isingemfikishia kamwe: kwamba unaweza kukosea vibaya sana na watu wakaamua kutolisema kosa lako tena.

Tatizo langu na Lewis linakuja mwaka 1956, katika kitabu cha saba na cha mwisho cha mfululizo huo. Hapo tunaambiwa kwamba Susan, dada yake Edmund, si rafiki wa Narnia, ile nchi ya Aslan, tena, kwani siku hizi anajali soksi laini, rangi ya midomo na mialiko ya sherehe. Ndugu zake na wazazi wake wanafariki katika ajali ya treni na kuingia katika nchi ya furaha. Yeye anabaki duniani bila mtu. Aliyewauza ndugu zake akawa mfalme, na aliyepaka rangi ya midomo akaachwa nje. Naomba mnieleze msichana wa darasa la saba anajifunza nini hapo.

Mama_Walukuba:

Mwalimu, salamu kutoka Jinja. Uzi wako ni mzuri, lakini umeruka jambo ambalo sisi walokole huanza nalo. Unazungumzia msamaha kana kwamba uchawi wenyewe ni pambo tu la hadithi. Mwingereza akiandika habari za mchawi, jirani zake wanajua kwamba ni mchezo. Hapa kwetu mtoto akichelewa kurudi nyumbani, mawazo ya mzazi hukimbilia kwa waganga wa kafara, na hofu hiyo haikuzuka tu: Bunge letu lililazimika kupitisha sheria ya kuzuia utoaji kafara wa binadamu mwaka 2021. Wapo wazazi wanaowatoboa watoto masikio wakiamini kwamba mwenye alama mwilini hafai kwa kafara. Sasa wewe unaniletea riwaya ambamo mtoto anakwenda shule ya uchawi, anapewa fimbo na kofia, na kila mtu anampigia makofi. Simlaumu mwandishi, kwa kuwa hakuwa akiniandikia mimi. Nauliza tu kama mwanangu ataweza kutenganisha uchawi huo na ule anaousikia redioni.

Mwalimu_Bweyale:

Mama, hoja yako ni nzito, na nawaomba wanajukwaa wasiikejeli kama inavyozoeleka katika mijadala ya namna hii. Hofu ya mzazi wa Uganda haifanani na hofu ya mzazi wa Oxford. Hata hivyo, ziko riwaya zinazoichukua hofu hiyo hiyo na kuifanya ndiyo kiini cha hadithi, na nitataja mbili.

Ya kwanza ni A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Shujaa wake, Ged, ni mchunga mbuzi mwenye ngozi ya kahawia kutoka kisiwa cha Gont, na rafiki yake wa karibu ni mweusi, jambo ambalo wachora majalada wengi walilipuuza kwa miaka mingi. Katika dunia hiyo hakuna uchawi wa bure. Walimu wa shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke wanawaonya wanafunzi kwamba mvua ikiitwa hapa, huenda ikawa ukame kule, kwa hiyo mwenye uwezo mkubwa ndiye anayepaswa kujizuia zaidi. Ged hajizuii. Kwa sababu ya kushindana na mwenzake, na kwa kiburi kitupu, anaita roho ya mfu, na kupitia mwanya huo kunatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule, mzee Nemmerle, anauziba mwanya huo kwa nguvu zake zote na anafariki. Zingatieni hapo: kijana amejionyesha, na mwingine amelipa kwa uhai wake. Sehemu yote iliyobaki ya kitabu ni ya Ged kukikimbia kivuli, kisha kukifuata, hadi mwisho kabisa wa bahari anapokiita kwa jina lake yeye mwenyewe. Le Guin hakumpa adui wa kumsingizia.

Ya pili ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Sunny ni msichana mwenye ualbino anayeishi Aba, Nigeria, na mtu anayepambana naye anaiba watoto na kuwaua kwa kafara. Yaani hofu yako imeandikwa humo bila kupakwa sukari, na waliopewa kazi ya kuizuia ni watoto. Jambo jingine la kuvutia ni kwamba watu wenye vipawa katika riwaya hiyo hupata fedha kwa kujifunza tu: mtu akielewa jambo jipya, vipande vya madini vinadondoka kutoka angani miguuni pake, na shaba ndiyo yenye thamani kuliko dhahabu. Ukimaliza kumsomea mtoto sura hiyo, atataka kujua kwa nini walimu wake hawana hata baiskeli, kwa hiyo jiandae.

Kuhusu ile shule ya fimbo na kofia, naiacha kwa wengine. Naamini kuna atakayeitetea.

Kisoro_Msomaji:

Nimeisoma hoja ya mwalimu kuhusu anayelipia furaha ya wengine, na mara moja nimekumbuka kiwanda cha chokoleti cha Roald Dahl. Watu wengi wanaoisoma Charlie and the Chocolate Factory leo hawajui kwamba ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1964, wale wafanyakazi wadogo wa kiwandani, Oompa-Loompa, hawakuwa viumbe wa kubuni wenye nywele za rangi ya dhahabu. Walikuwa mbilikimo weusi kutoka katikati ya msitu wa Afrika. Mwenye kiwanda anasimulia kwa furaha kwamba aliwakuta wakila viwavi, akawaahidi kuwalipa kwa mbegu za kakao, kisha akawasafirisha wakiwa ndani ya makasha yaliyotobolewa matundu. Baada ya malalamiko, Dahl alibadilisha maandishi, na toleo la mwaka 1973 likawapa ngozi nyeupe na nchi isiyopatikana kwenye ramani.

Mimi naandika kutoka Kisoro. Misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Wabatwa, wenyeji wa misitu hiyo ambao nao huitwa mbilikimo, walitolewa humo, na mpaka leo wengi wao wanaishi kwenye vipande vya ardhi za watu wengine, wakilima mashamba yasiyo yao. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki. Watoto wao wanasoma pamoja na wetu. Kwa hiyo siwezi kukifungua kitabu hicho na kusema kwamba fundisho lake ni “usiwe mlafi kama Augustus”.

Na hapa ndipo hoja ya mwalimu inapouma kwelikweli. Nani anaimba mafundisho katika kitabu hicho? Ni wale wale Oompa-Loompa. Kila mtoto mbaya anapopatwa na lake, wao wanatokea na kuimba wimbo mrefu kuhusu ulafi, au kutafuna ubani, au kutazama televisheni kupita kiasi. Wanajua makosa ya watoto wote, lakini hawana hata beti moja kuhusu makasha yale, wala kuhusu mwenye kiwanda anayewajaribishia vinywaji na peremende zake hadi mzee mmoja miongoni mwao akapaa angani na asionekane tena. Toleo la pili lilibadilisha rangi za watu na kuuacha mfumo wa kazi ulivyokuwa. Charlie, mtoto mwema, anarithi kiwanda pamoja na watu wake.

Kakao yetu, kwa taarifa ya wasiojua, inalimwa zaidi Bundibugyo, na Wabatwa wapo huko pia.

Binti_wa_Bombo:

Nami naitetea ile shule ya fimbo na kofia, angalau kwa jambo moja. Katika vitabu saba vya Harry Potter, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007, kuna watumishi wadogo wanaopika, wanaofua na kujipiga wenyewe wanapodhani wamewaudhi mabwana zao. Karibu kila mtu mwema katika hadithi anaiona hali hiyo kuwa ya kawaida. Hermione, rafiki wa Harry, anapoanzisha chama cha kuwatetea, marafiki zake wanamcheka, na kwa muda mrefu hata mwandishi anaonekana kucheka pamoja nao. Halafu katika kitabu cha tano, cheko linageuka. Sirius, mtu jasiri ambaye wasomaji wote wanampenda, amemdharau mtumishi wake Kreacher miaka yote. Kreacher anakwenda kwa maadui na habari anazozijua, na Sirius anakufa. Dumbledore, mkuu wa shule, anamweleza Harry waziwazi kwamba dharau hiyo ina mkono katika kifo kile.

Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti nyumbani kwa mama mdogo, watoto wameketi mkekani, na msichana wa kazi alikuwa uani anasugua masufuria kwa majivu, mlango uko wazi. Mdogo wao akageuka akamtazama, kisha akauliza kama naye anaweza kuja kusikiliza. Mama mdogo hakufurahi. Mimi sikuwa na la kuongeza, kwa sababu kitabu kilikuwa kimeshafanya kazi ambayo mahubiri yangu yasingeifanya.

Kuhusu Susan, mwalimu, hatuna haja ya kusafiri mpaka Narnia. Tunayo hadithi ya Waganda ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi. Ggulu, baba yake Nambi, anawaambia waondoke mapema na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, ili Walumbe, yaani Kifo, asijue kwamba wanaondoka. Njiani wanakumbuka ulezi wa kuku, mmoja anarudi kuuchukua, na Walumbe anamfuata. Wapo wasimuliaji wanaosema aliyerudi ni Nambi, na wapo wanaosema ni Kintu mwenyewe, tena baada ya mkewe kumsihi asirudi. Mimi niliisikia utotoni kwa namna ya kwanza, na nilikuwa mtu mzima nilipokutana na ya pili. Amri ni ile ile, kuku ni yule yule, ulezi ni ule ule, na fundisho la utii ni lile lile. Lakini katika namna ya kwanza nililelewa nikijua kwamba watu wanakufa kwa sababu ya mwanamke aliyejali kuku wake.

Mzee_wa_Kasese:

Wanangu, mnavichosha vitabu. Mwaka 1900, L. Frank Baum alipotoa hadithi yake ya mchawi wa Oz, aliandika katika utangulizi kwamba elimu ya kisasa tayari ina maadili ndani yake, kwa hiyo mtoto anayetafuta hadithi ya maajabu anatafuta burudani tu. Na katika Alice ya Lewis Carroll, ya mwaka 1865, yumo mke wa mtawala ambaye anamwegemezea msichana kidevu chake chenye ncha begani na kumtolea fundisho kwa kila kitu kinachopita, hata kwa haradali. Alice anachoka naye, nami ninachoka pamoja na Alice. Mwacheni mtoto acheke. Akimaliza mtihani wa darasa la saba mtamhubiria.

Mwalimu_Bweyale:

Mzee wangu, tuko pamoja kuhusu kidevu kile. Lakini Baum aliahidi burudani tupu, kisha akatuandikia mtu wa bati anayelia kwa sababu amekanyaga mdudu. Mwandishi anaweza kukataa kuhubiri. Kuchagua nani ahurumiwe na nani apuuzwe hawezi kukwepa, kwa sababu hadithi haisongi mbele bila uchaguzi huo.

Nina mfano unaonisisimua kila nikiukumbuka. The Hobbit ya J. R. R. Tolkien ilipotoka mwaka 1937, shujaa Bilbo na kiumbe aitwaye Gollum walishindana kwa vitendawili kule pangoni, Gollum akashindwa, na kwa kuwa hakuiona ile pete aliyokuwa ameahidi kumpa mwenzake, akaomba radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Waliachana salama. Baadaye Tolkien alipokuwa akiandika hadithi ndefu zaidi, pete ile ikawa kitu cha kutisha ambacho mwenyewe asingeweza kukitoa kwa hiari, kwa hiyo ile sura ya zamani haikufaa tena. Katika toleo la mwaka 1951 akaiandika upya. Sasa Gollum ameuziba mlango, Bilbo haonekani kwa kuwa amevaa pete, ana upanga mkononi, na ana kila sababu ya kuutumia. Anawaza kumuua, kisha katika nukta moja anayaona maisha ya yule kiumbe: siku zisizohesabika bila mwanga wala tumaini, mawe magumu, samaki wa baridi. Anaruka juu ya kichwa chake na kukimbia bila kumdhuru.

Huruma hiyo, ambayo walimu wengi wanaitaja kuwa ndiyo moyo wa kitabu, haikuwemo kabisa katika nakala za kwanza. Ilizaliwa kwa sababu fundi alikuwa anarekebisha kiungo cha hadithi yake. Kama Tolkien angeketi mwaka 1937 akasema “leo nitawafundisha watoto huruma”, nina shaka kama tungepata ukurasa huo.

Binti wa Bombo, kuhusu Susan kuna jambo la kuongeza. Mtoto mmoja aliwahi kumwandikia Lewis akimuuliza habari zake, naye akamjibu kwamba hadithi haisemi lililompata mwishoni, kwamba yuko hai duniani, na kwamba bado ana muda wa kurekebika na pengine kufika kwa njia yake mwenyewe. Barua ni ya upole. Kitabu, hata hivyo, kimebaki kama kilivyo, na mtoto anayekiazima kwangu haazimi barua. Ajabu zaidi ni kwamba kitabu hicho hicho kinampokea Emeth, askari wa Calormen aliyemtumikia mungu mwingine maisha yake yote. Mgeni alifunguliwa mlango siku ile ile ambayo dada alisemwa vibaya mbele ya nduguze, na hakuna hata mmoja aliyemtetea.

Mama_Walukuba:

Nimezisoma hoja zote. Ya Sunny nitaisoma peke yangu kwanza, kisha nitaamua. Ya Kisoro imenifanya nikitoe kile kitabu cha chokoleti rafuni na kutazama mwaka wa toleo. Ni la baada ya 1973, lakini makasha yenye matundu bado yamo. Swali langu ni la vitendo: mwanangu wa darasa la tano anasoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, kwa kuwa baba yake ni mtu wa Mombasa. Kati ya hizi zote, ipo ya lugha yetu?

Mwalimu_Bweyale:

Ipo Alice, mama, tena mara mbili. Tafsiri ya kwanza, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London mwaka 1940, na picha zake zilichorwa upya ili Elisi awe msichana Mwafrika. Kuipata leo ni kazi ya wakusanyaji wa vitabu vya zamani. Ya pili, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ni ya Ida Hadjuvayanis na ilitoka mwaka 2015. Hiyo inaagizika. Mwanachama yeyote aliye Kampala mwenye nakala ya ziada anijulishe kupitia ujumbe wa faragha. Basi la Gulu hupita hapa kila siku na kondakta anapokea vifurushi. Mzee wa Kasese naye anatakiwa atuchagulie sura ya kuanza nayo, mradi isiwe ile ya kidevu.